Vichwa Tisa

Barua ilisema hivi: njia ya mlimani, yenye mabasi kumi na manne, kuanzia Jumatatu itabaki na mabasi matatu. Mengine kumi na moja yarudishe leseni ofisini kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

Mwenyekiti wa wenye mabasi aliisoma akiwa amesimama juu ya tairi la akiba, kwa sauti kubwa kama anasoma majina ya waliofaulu mtihani. Alipofika kwenye neno "matatu" akasita. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasoma tena. Bado yalikuwa matatu.

Stendi nzima ilinyamaza. Hata yule konda ambaye mdomo wake haujawahi kupoa tangu azaliwe, siku hiyo ulipoa.

"Labda wamekosea," akasema mtu mmoja nyuma. "Labda walitaka kuandika thelathini na matatu."

"Tuna kumi na manne, bwege wewe. Hayo thelathini na matatu tutazaa?"

Breki alikuwa ameegemea mlango wa basi lake, mikono kifuani. Jina hilo alipewa na abiria, maana hakuna paji la uso mlimani kule ambalo halijawahi kusalimiana na kiti cha mbele. Yeye alijibu siku zote kwamba afadhali nundu kuliko jeneza, na kweli, miaka kumi na tisa barabarani hakuwa amegonga hata kuku. Basi lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua na marehemu kaka yake, na kaka alipofariki, mjane wake akapanda mlangoni kuwa konda. Abiria wakamwita Risiti, kwa kuwa alikuwa konda peke yake pale stendi aliyekuwa akitoa risiti bila kuombwa mara tatu. Watoto wa Risiti watatu na wa Breki wanne, wote walikula kutoka kwenye magurudumu hayo sita.

"Matatu yapi?" Risiti akauliza.

Mwenyekiti akageuza karatasi. "Yale yenye leseni za zamani zaidi. Mawili yangu. Na lile la seremala."

"Na la nne?"

"La nne ni lenu. La nne halimo."

Kisha jambo likatokea ambalo Breki hakulitarajia. Watu wote wakageuka kumtazama yeye.

Walikuwa na haki. Mwaka mzima, tangu reli ilipoanza kutandazwa kule bondeni, nusu ya stendi ilitaka mgomo. Walisema treni itawamwagia unga wote. Breki ndiye aliyepanda juu ya tairi hilohilo akawatuliza. "Jamani, treni ina magurudumu ya chuma. Mlima wetu unapanda kama ngazi. Treni itawaleta watu bondeni, halafu? Watapanda nini kutoka pale, mabega ya wake zao? Leo mtu anakaa na sisi saa mbili kwenye foleni kutoka mjini. Tunakwenda mara tatu kwa siku, basi. Treni ikichukua ile sehemu ndefu, sisi tukachukua mlima, tutakwenda mara kumi. Yeye anatuletea, sisi tunamalizia." Walimpigia makofi. Mgomo ukafa.

"Eti anatuletea," mmoja akasema sasa, akatema mate chini. "Katuletea kweli."

Jumamosi Breki alirudisha leseni. Karani wa dirishani aliikata kona kwa mkasi, chap, akaitupa kwenye boksi pamoja na nyingine, akasema, "Anayefuata." Breki aliendelea kusimama pale. Karani akamwambia tena, kwa upole kidogo, "Anayefuata, mzee." Risiti akamshika mkono akamtoa nje kama mtu anayemtoa mgonjwa.

Jumatatu treni ilianza.

Breki na Risiti walikwenda kuiangalia jioni, kwa miguu. Kituo kilikuwa kizuri, hakuna wa kubisha: vioo, taa, maua kwenye masanduku ya saruji. Lakini geti lilitazama upande wa pili, upande wa maegesho ya magari madogo. Huku upande wa barabara ya mlimani kulikuwa na uzio wa chuma mrefu kuliko mtu, ulionyooka mpaka macho yanapoishia. Mabasi matatu yalikuwa yamesimama kando ya barabara, mbali, nyuma ya uzio. Risiti alihesabu hatua kutoka getini, akazunguka uzio wote mpaka kwenye mlango wa basi la kwanza. Hatua mia tatu na kumi.

Saa kumi na moja na dakika ishirini treni ikaingia. Mabehewa sita. Milango ikafunguka yote kwa pamoja, na watu wakamwagika.

Breki alikuwa amebeba watu wa mlima ule karibu miaka ishirini. Aliwajua kwa sura, kwa vituo vyao, kwa nani anashuka na nani anasinzia mpaka mwisho. Lakini hakuwahi kuwaona wote mahali pamoja kwa wakati mmoja. Walikuwa mia tatu, labda mia nne, wakizunguka uzio kama maji yanayotafuta tundu, na mbele yao mabasi matatu. Dakika sita, mabasi yakajaa yakaondoka. Kwenda juu na kurudi ni dakika arobaini. Treni nyingine ingefika baada ya nusu saa.

Waliobaki walisimama kidogo, wakatazamana, kisha wakaanza kupanda mlima kwa miguu.

Muuguzi mmoja wa hospitali ya mjini, abiria wa Breki wa kila siku, alimwona akaja moja kwa moja, viatu mkononi.

"Breki! Basi liko wapi?"

"Limefungiwa, dada."

"Limefungiwa na nani? Unajua nimetumia dakika ngapi kutoka mjini mpaka hapa? Kumi na nane! Kumi na nane, Breki, nimekaa kwenye kiti, sikukanyagwa na mtu. Nikasema leo nitakuta watoto hawajalala. Sasa nipande huu mlima saa nzima?" Akamtazama juu mpaka chini. "Si wewe uliyetuambia mtatupokea?"

Hakungoja jibu. Alikwenda zake, visigino vyake vyekundu vikionekana kwenye vumbi.

"Shemeji," Breki akasema polepole, "treni imefanya kazi yake."

"Nimeona."

"Imewaleta mpaka hapa, kama nilivyosema. Mimi sikukosea. Waliokosea ni waliokata mabasi. Mtu mwenye akili zake anawezaje kuona watu hawa akatoa mabasi matatu?"

Swali hilo ndilo lililowapeleka ofisi ya usafiri Jumanne asubuhi. Mwenyekiti alikwenda nao, shingo upande, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na isingekuwa vizuri waende bila yeye.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili. Ramani ya mji ilijaza ukuta mmoja, reli imechorwa kwa wino mwekundu. Aliyewapokea alikuwa mpimaji wa njia, mwanamke wa kama miaka thelathini, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele na macho ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Nyinyi ni watu wa mlimani," akasema kabla hawajaketi. "Nilijua mtakuja. Jana jioni nilikuwa pale kituoni. Nimeona."

"Kama umeona, mwanangu," akasema Mwenyekiti, "basi tuambie. Nani alifanya hesabu hii?"

"Mimi."

Mpimaji akafungua kabati, akatoa mchoro mkubwa uliokunjwa mara nne, akautandaza juu ya meza. Kilikuwa kituo kilekile, lakini geti lilitazama mlimani. Mbele ya geti kulikuwa na paa refu, na chini ya paa, mistari minane ya mshazari.

"Nafasi nane za mabasi," akasema. "Mtu anashuka kwenye treni, anatembea hatua ishirini, hanyeshewi. Mchoro huu ni wangu. Niliupigania. Nikawaambia wakubwa, watu wa mlimani ni wengi, treni bila mabasi ni nusu ya kazi. Wakaniambia sawa, lete hesabu. Nikaenda kuhesabu."

"Ukapata ngapi?" Breki akauliza.

"Wastani wa vichwa tisa kwa basi."

Breki alicheka kwa sauti, bila kukusudia. "Tisa? Mama, basi langu lina viti ishirini na tisa. Asubuhi hata pa kuweka unyayo hapapatikani. Tisa labda ni waliokaa kwenye mapaja ya wenzao!"

Mpimaji hakucheka. Alitoa bahasha, akazipanga picha mezani moja baada ya nyingine. "Kila basi lilipigwa picha. Siku tano, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi. Hili hapa si lako?"

Lilikuwa lake. Breki alilitambua hata kabla ya kusoma namba: kile kipande cha bampa kilichofungwa kwa waya. Picha ilipigwa kutoka kando ya barabara, pale njia panda ya chini, na madirisha yote yalionekana vizuri. Vichwa vilikuwa tisa. Madirisha mengine yalikuwa matupu, mwanga ukipita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Hapo Breki akakumbuka. Akamtazama Risiti. Risiti alikuwa tayari ameweka kiganja mdomoni.

Miezi minane nyuma, watu waliovaa vizibao vya njano walisimama njia panda ya chini, vidude vya kuhesabia mkononi. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya stendi wiki moja kabla, lakini lilikuwa na herufi ndogo na maneno mengi, na kesho yake mtu akabandika juu yake tangazo la mng'oa meno. Kwa hiyo hakuna aliyejua. Kitu kimoja tu kilijulikana: mwaka uliotangulia watu wenye vizibao kama hivyo waliingia sokoni wakahesabu viti vya vinyozi, na mwezi uliofuata kila kinyozi akalipishwa kodi kwa kiti.

"Vinyozi walihesabiwa viti," Breki aliwaambia wenzake asubuhi ile, haraka haraka, injini zikinguruma. "Sisi tunahesabiwa vichwa. Basi wasivione."

Wazo lilikuwa lake, zima, kuanzia kichwa mpaka mkia. Na halikuwa gumu. Njia ile ilikuwa na desturi yake ya siku nyingi: basi likikaribia askari wa barabarani, konda anasema "Kamba!", na waliosimama wote wanachuchumaa kana kwamba wanafunga kamba za viatu. Hata waliovaa kandambili. Wazee walilifanya, wanafunzi walilifanya, muuguzi alilifanya na sare yake nyeupe. Safari hii Breki aliongeza kidogo tu: wainame na waliokaa pia, ila wale tisa wa mbele, ili basi lisionekane limetelekezwa. Abiria walipoambiwa kodi ikipanda na nauli itapanda, waliinama mpaka mapua yakagusa magoti. Walicheka njia nzima. Siku tano, mabasi kumi na manne, kila asubuhi, "Kamba!" Jioni ya Ijumaa stendi ilimbeba Breki juu juu.

Sasa alikuwa akitazama kazi yake juu ya meza, picha baada ya picha. Mabasi yote. Madirisha matupu.

"Kuna kitu sielewi," mpimaji akasema. "Jana nimeona mia tatu, mia nne. Watu hawa hawakuota kama uyoga. Miezi minane iliyopita walikuwa wapi?"

"Sakafuni," Risiti akasema. Neno lilimtoka lenyewe.

Mwenyekiti akakohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua, na chini ya meza akamkanyaga Breki mguu.

"Sakafuni wanafanya nini?"

"Wanafunga kamba za viatu," Risiti akasema, machozi yamemjaa, na haikujulikana kama anacheka au analia.

Ilichukua muda. Mpimaji aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama picha, kisha akainama akaitazama kwa karibu sana. Kwenye dirisha la tatu, pale chini kabisa, palionekana kitu kidogo cheusi walichokidhani ni kivuli. Kilikuwa kiwiko cha mtu.

Akaketi. Akaweka mikono juu ya mchoro wake.

"Mvua ilininyeshea siku tatu," akasema. "Mwavuli ulivunjika, nikahesabu hivyohivyo. Kulikuwa na dereva mmoja alikuwa akipita ananipungia mkono. Kila siku. Nikasema, angalau kuna mtu mmoja mwema kwenye njia hii." Akainua macho. "Ulikuwa wewe."

"Ndiyo," Breki akasema. "Nilikuwa mimi."

"Nilikuwa nahesabu ili mpate nafasi."

Breki alitaka kusema tulidhani ni kodi. Alifungua mdomo, lakini maneno hayo, yaliyokuwa na maana kubwa sana stendi, pale mbele ya mchoro ule hayakuwa na uzito hata wa karatasi.

"Hesabu haiwezi kurudiwa?" akauliza.

"Inaweza. Lakini lazima iandikwe kwa nini ya kwanza haifai. Nani aliiharibu, vipi, na asaini. Mimi siwezi kuwaambia wakubwa eti nimebadili mawazo." Akavuta kitabu cha kanuni, akakifungua mahali palipowekwa alama. "Na aliyeharibu hesabu hapewi leseni ya njia hiyo miaka miwili. Sikuitunga mimi. Nileteeni barua kabla ya Ijumaa jioni. Baada ya hapo faili inafungwa."

"Hakuna mtu aliyeharibu," Mwenyekiti akasema akiinuka. "Watu waliinama wenyewe. Labda walichoka."

"Wote? Siku tano?"

"Mlima ule unachosha, mwanangu."

Kwenye ngazi, Mwenyekiti alimshika Breki bega. Hakuwa mtu mbaya. Alimzika kaka yake Breki, alitoa basi lake bure siku ile kubeba waombolezaji. "Sikiliza, mdogo wangu. Ukiandika, umekufa. Usipoandika, mimi nina mabasi mawili na mlima mzima unayangoja. La pili halina dereva wa maana. Chukua wewe. Shemeji yako awe konda. Mtakula, watoto watasoma. Nyamaza tu."

"Na wale kumi?"

"Watazoea. Kila mtu amezoea kitu."

Jioni walikaa ndani ya basi lao, lililoegeshwa uani nyuma ya nyumba ya Breki, mahali ambapo halikuwahi kukaa mchana. Kuku alikuwa ameshapanda kwenye kiti cha dereva. Risiti alimfukuza, akaketi.

"Chukua ile kazi," akasema.

"Shemeji..."

"Usiniite shemeji kwa sauti hiyo. Mkubwa wangu ana mtihani mwaka huu. Chukua kazi. Wale kumi walikupigia makofi, walikubeba juu. Hakuna aliyewashika shingo wakainamisha watu."

"Wazo lilikuwa langu."

"Na sauti ilikuwa yangu! Nani alikuwa anapiga kelele 'Kamba'? Ukiandika jina lako, la kwangu litaachwa nje? Mimi nikifutwa ukonda nitakwenda wapi? Nitamwambia nini marehemu kaka yako?"

Nje, barabarani, watu walikuwa wakipita kwa miguu kutoka bondeni, pumzi zikisikika mpaka uani. Mmoja alisema, "Bado kona ngapi?" Mwingine akamjibu, "Usiulize, tembea." Breki aliijua sauti ile: babu wa duka la vifaa vya umeme, kituo cha mwisho kabisa, mwenye goti bovu. Miaka yote alikuwa akimsimamishia basi mlangoni kwake, hata kama si kituo.

"Yule babu anapanda kwa miguu," akasema.

"Nimemsikia."

"Nilimfundisha mimi kuinama. Alisema goti linauma. Nikamwambia, babu, jikaze, ni kwa faida yetu."

Risiti alichukua kitabu chake cha risiti, akakigeuza geuza mikononi.

"Jina langu litaingia?"

"Halitaingia."

"Basi andika. Lakini usije kuniuliza kama nimekusamehe, maana nitakwambia ukweli."

Breki aliacha shule darasa la nne. Aliharibu karatasi tano. Ya sita ilisema hivi:

"Mimi ni dereva wa basi la nne la njia ya mlimani. Mimi ndiye niliyewaambia watu wainame wakati wa hesabu. Niliwafundisha na madereva wengine. Tulidhani ni kodi. Hesabu si tisa. Siku ya kwanza nilikuwa na watu arobaini na mmoja. Konda alifuata amri yangu. Naomba mhesabu upya."

Ijumaa saa nane aliipeleka. Mpimaji akaisoma akiwa amesimama.

"Arobaini na mmoja kwenye viti ishirini na tisa nalo ni kosa, unajua?"

"Liongeze tu, mama. Niko hapahapa."

Kwa mara ya kwanza mpimaji alitabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Kisha akagonga muhuri, na tabasamu likaisha. "Baba, ule mchoro wangu usiutegemee. Saruji ya maegesho imeshamwagwa. Naweza kupigania mabasi. Geti siwezi tena."

Breki alidhani mshtuko umeisha, kumbe bado ulikuwa na mkia. Alikuwa amedhani hesabu itarudiwa wiki ijayo. Barua ilipanda kwa wakubwa, ikashuka, ikapanda tena. Vizibao vya njano vilirudi bondeni siku ya sitini na mbili. Safari hii hakuna aliyeinama. Watu walisimama wima mpaka vichwa vikagusa paa, na wengine walitoa mikono madirishani ili wahesabiwe mara mbili. Jibu lilikuja upesi: njia iwe na mabasi kumi na mawili, yapangiwe ratiba, kila treni ikute mabasi manne yanangoja, yaondoke kwa saa na si kwa kujaa.

Ikawa hivyohivyo. Wa kwanza kulalamika juu ya kuondoka na viti vitupu ndio wa kwanza kunyamaza, maana safari tisa, kumi kwa siku ziliwezekana kweli. Treni inaleta, basi linamalizia. Muuguzi anakuta watoto wake wako macho. Stendini wanasema ni ratiba ya ofisi. Jina la Breki hawalitaji, si kwa sifa wala kwa matusi.

Yeye anaendesha lori la mchanga. Mchanga hauna paji la uso.

Bei iliyolipwa ni hii. Siku sitini na mbili za watu kupanda mlima kwa miguu. Nafasi nane za mabasi chini ya paa, ambazo leo ni maegesho ya magari ishirini na mawili. Hatua mia tatu na kumi kwa kila mtu, kwenda, na mia tatu na kumi kurudi, mvua na jua. Mabasi kumi na mawili yaliruhusiwa, lakini wenye mabasi watatu walikuwa wameshauza wakati wakingoja, kwa hiyo yanayotembea ni tisa. Goti moja la babu wa duka la umeme, ambalo daktari amesema halitapona. Leseni moja kwa miaka miwili. Umebaki mwaka mmoja na miezi minne. Basi moja, lililouzwa kwa mtu wa mji mwingine. Urafiki wa Mwenyekiti, wa miaka kumi na tisa. Na shemeji mmoja, ambaye ni konda kwenye basi la seremala, anamlipia mkubwa wake shule, anaitikia salamu wakikutana, na hajaingia ndani ya nyumba ya Breki tangu Ijumaa ile.